Fremu Sita za Elihu

Ottavio seremala, pale Mtaa wa Kumi,
mbao kwake ni chakula, hukata pembe makumi;
fremu kwake ni mahala panapokoma usemi:
ndani, ndoto imelala; nje, ukuta na uchumi.

Elihu kaja dukani, rangi tele kwenye nguo,
turubai i begani, kubwa kupita upeo;
si uso wala si jani, ni weusi na kilio.
"Ukweli u humu ndani," asema kwa majivuno.

Akataka fremu sita, kwa mkopo, hadi Ijumaa.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya mwaka hamsini na moja.
New York ilikuwa baridi, na wachoraji
walibishana usiku kucha juu ya rangi nyekundu
kama ndugu wanaogombea shamba la urithi.
Ottavio aliwaungia pembe zao. Hakuuliza maana.
Aliuliza upana.

Halafu mambo yakalegea, sijui lini hasa.
Alikuja kijana wa Ohio, nywele zimechanwa vizuri mno,
na picha ya meno ya bandia kutoka gazetini,
mara arobaini, kwa mashine.
"Ipi ya asili?" Ottavio akauliza, penseli sikioni.
Kijana akacheka kwa adabu.
"Swali hilo umelirithi kwa babako."

Mwingine alileta karatasi moja iliyopigwa taipu:
*Fikiria mlango. Ufunge.*
Hakutaka fremu. Alitaka tu kumwonyesha mtu.
Mwingine akamwaga kokoto katikati ya ukumbi,
akaenda zake kula.
Msumeno ukashika kutu.
Filomena akaanza kushona mapazia ya watu.

Mwaka themanini na tatu akaingia Renata Sokolow,
viatu vya mjenzi, hereni sikio moja.
Hakutazama fremu hata moja.
Alitaka daftari la madeni.
"La nini?"
"La kutundika."
Akahesabu dola mia mbili juu ya meza ya randa,
na vumbi la mbao likazing'ang'ania.

Usiku wa ufunguzi Ottavio alivaa koti la harusi yake.
Ukumbi ulikuwa mweupe kama ndani ya yai.
Na pale, kurasa zake: doa la supu ya Filomena,
hesabu zilizokosewa miaka ile ya homa ya mtoto,
na kwa mwandiko wake mwenyewe, ulioinama kama mgonjwa:
*E. Dill. Fremu sita. Dola 41. Ijumaa.*
Watu walisoma, mvinyo mkononi,
kwa sauti ya chini, kama wako msibani.
Mmoja alisema kazi hii inamdhihaki msanii.
Mwenzake akasema haina msanii.
Mwanamke mwenye miwani akageuka:
"Wewe ndiye uliyeitengeneza?"
"Mimi ndiye ninayedai."
Wakacheka, wakapiga makofi. Kijana mmoja akaandika.

Ukurasa ule ulikuwa umekwenda upande.
Ottavio akanyoosha mkono auweke sawa;
Renata, kwa mbali, akatikisa kichwa: uache.
Akauacha. Ila dole gumba lake lilibaki pembeni
kitambo, likipima. Digrii tisini.
Hazikupungua, hazikuongezeka.

Mwezi ule ule turubai moja ya marehemu Elihu,
ule weusi, kile kilio, iliuzwa kwa mnada
kwa bei ya mtaa mzima pamoja na mapaa yake.
Magazeti yakausifu ukweli uliomo ndani.
Fremu hayakuitaja.

Lakini usiku ule wa ufunguzi Filomena alikuwa macho,
pazia la mtu magotini, pini midomoni.
"Walikuja wengi?"
"Wengi."
"Na lile deni la Elihu?"
Ottavio akaliweka koti msumarini.
"Limetundikwa."
"Dawa ya deni..." Filomena akaanza,
pini zikamzuia kumaliza.